Ndoo Mbili kwa Kila Nyumba

Mbaazi ndizo zilizojua kwanza. Mwanasaumu alizibandika jikoni alfajiri kama kawaida yake, akakanda unga wa mahamri, akakuna nazi, akachuja tui, akarudi kuzitazama akazikuta bado ngumu. Akachochea moto. Wateja wakaja, wakakaa barazani na bakuli zao mikononi, wakaishia kula mahamri makavu, na mbaazi bado zinagonga sufuria kama changarawe. Chai nayo ilikuwa na kisa chake: maziwa yalikatika mara tu yalipotiwa. Kwa mwanamke ambaye mtaa mzima wa Timbwani hufungua kinywa kwa mbaazi zake, hiyo ilikuwa aibu ya kujifunika ushungi mpaka puani.

Wateja walipoondoka alitia kidole kwenye pipa la maji, akakilamba.

"Iko na chumvi, mama," alisema Mwikali, mpangaji wake wa chumba cha uani, mwanamke wa Kitui aliyeshuka pwani kufanya kazi kiwandani. "Mimi nilijua jana nikioga. Sabuni ilikataa kutoa povu."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilidhani unajua. Kisima si ni yako?"

"Si changu," Mwanasaumu alijibu. "Ni cha mama."

Hapo ndipo ulipokuwa uzito wa jambo lenyewe, na ili kuuelewa ni lazima kwanza kuelewa maji ya Likoni, ambayo ni kitendawili. Ukisimama ufukweni Timbwani unakiona kisiwa cha Mombasa ng'ambo, na bahari kuu mkono wa kulia, na ule mkono wa bahari unaoingia Kilindini kushoto. Maji tele, macho hayayamalizi. Ya kunywa sasa! Ya mfereji hutoka mbali bara, hupita mabomba mengi, na hufika yakitaka. Wiki ambayo hayakutaka, watu hununua mitungi kwa wenye mikokoteni au huenda visimani. Na visima navyo vina tabia zao. Hiki kitamu, na kile cha nyumba ya tatu kina chumvi ya kutosha kuungia mchuzi. Ukiuliza sababu utaambiwa ni majaaliwa, uchote uende zako.

Mwanasaumu hakuwahi kuridhika na jawabu la aina hiyo. Alipokuwa mtoto chuoni alimwuliza maalimu mbona mvua ya masika yote inamwagikia baharini na bahari haifuriki. Maalimu akamwambia arudie sura yake. Akauliza mbona pepo za kusi na kaskazi zote zinatoka bahari ile ile, na moja inapoza na nyingine inatokosa. Akaambiwa arudie tena, safari hii kwa sauti. Ndipo wenzake walipomwita Bi Mbona, na jina likamganda mpaka uzeeni. Hata mumewe, alipokuwa akifunga sanduku lake kwenda kuishi kwa mke mdogo, alisema kwamba kilichomchosha ni maswali. Mwanasaumu akamwuliza mbona hakusema mapema. Kuuliza si ujinga, lakini kuna wanaume hawapendi kuulizwa, na kwa kweli nyumba ilipata utulivu alipoondoka.

Mamake, Mwanamkasi, hakuwa mtu wa kuuliza. Alikuwa mtu wa kukumbuka. Alifua nguo za watu maisha yake yote, na maji ya kufulia aliyafuata kwa Bi Zubeda, vichochoro vitatu kutoka kwake, kwenye nyumba ya zamani yenye ukuta wa mawe na kisima kitamu uani. Pale palikuwa na sharti moja: ndoo mbili kwa kila nyumba, asubuhi, basi. Uwe na harusi, uwe na matanga, ni ndoo mbili. Bi Zubeda mwenyewe, wakati huo bibi harusi mgeni katika nyumba ile, husimama mlangoni na kuhesabu kwa macho. Mwanamkasi hutoka pale na ndoo moja kichwani na nyingine mkononi, akinung'unika njia nzima.

"Ndoo mbili tu! Maji yenyewe ni ya Mungu. Wallahi uchoyo wa watu hawa utawafuata kaburini."

Aliyasema hayo barazani, akayasema maharusini baina ya pilau na halua, akayasema hata matangani kwa watu ambao hawakumwuliza. Miaka ikapita, na Bi Zubeda akazeeka na jina la mchoyo mgongoni mwake, na aliyemvisha ni Mwanamkasi.

Kabla hajafa, Mwanamkasi alimshika bintiye mkono. Hakutaka kanga wala hitima kubwa. Alitaka kichimbwe kisima pale uani kwake, kiwe sadaka. "Na kisiwe na hesabu," alisema. "Mtu achote mpaka achoke mwenyewe." Sadaka ya namna hiyo, kila Mwislamu anajua, haikatiki: madamu kuna mtu anakunywa, aliye chini ya ardhi anaandikiwa thawabu. Na watu wakiacha kunywa? Mwanasaumu hakuwahi kujiuliza swali hilo, yeye aliyeuliza kila kitu, mpaka asubuhi ile ya mbaazi. Lilimtia hofu hasa. Alimwona mamake kule aliko, akingoja, na hakuna kinachofika.

Kisima kilikuwa kimechimbwa mwezi wa saba, masika yamekwisha na ardhi imeshiba. Alikichimba Mwarandu, mchimba visima kutoka upande wa Kwale, mtu mcheshi mwenye mabega mapana, kwa sururu na mtaimbo. Udongo ulikuwa mchache. Uliobaki ni ule mwamba wa matumbawe ambao pwani nzima imekalia, bara na kisiwani, wenye vitundu kama mkate wa kumimina. Maji yalitokea mapema kuliko walivyotarajia, safi, na matamu ajabu. Ikasomwa dua, yakanywewa pale pale. Mdogo wake Mwanasaumu, Waleed, anayefanya kazi Maskati, alisikia habari akalia kwenye simu, kisha akanunua pampu ya umeme na tangi jeusi, ili watu wasichoke kuvuta kamba. Mtaa ukamiminika. Walikuja wa Timbwani, wakaja wa Shika Adabu, wakaja na wenye mikokoteni. Mwanasaumu alisimama barazani, mikono kiunoni, akiwaambia: "Chotani, chotani! Hapa hapana hesabu!" Siku hizo alikuwa na furaha kubwa, na kidogo, tuseme ukweli, alikuwa na maringo.

Kisha ikaingia kaskazi. Jua likawaka, mvua za vuli zilikuwa haba mwaka huo, na maji kisimani yakashuka mpaka pampu ikawa inavuta hewa. Mwanasaumu akamwita Mwarandu tena.

"Mtaka cha mvunguni sharti ainame," alisema Mwarandu, akishuka na mtaimbo wake. "Maji yamekwenda chini, mama, na sisi tuyafuate huko huko."

Wakayafuata. Maji yakarudi kwa wingi, pampu ikanguruma, na kila mtu akasifu. Wiki chache baadaye mbaazi zikakataa kuiva.

Waleed alipopigiwa simu alisema wazidi kuchimba. Mwarandu naye alisema wazidi kuchimba. Imamu wa msikiti wa mtaani, alipoulizwa kama thawabu inaandikwa kwa maji ya chumvi, alikuna ndevu akasema kwamba kwa wanaofulia na kuoshea vyombo inaandikwa, lakini kwa wanywao, kwanza awepo mnywaji. Nao wanywaji walikuwa wamekwisha kurudi kwa wenye mikokoteni. Walipopita mbele ya baraza walisalimia kwa haraka, kama watu wanaopita penye mgonjwa.

Hapo sasa Bi Mbona akaamka. Mtu mwingine angelia; yeye alilia kidogo, akajifuta, akaanza kuchungulia kisimani. Alichungulia asubuhi, mchana na alasiri, mpaka Mwikali akaogopa kwamba anataka kujitupa. Akaona jambo la kwanza: maji ya kisima hupanda na kushuka. Yanapanda baada ya bahari kujaa, yanashuka baada ya kupwa, nyuma kidogo, kama mtoto anayemfuata mamake sokoni. Siku za bamvua, bahari inapojaa sana, hupanda zaidi.

"Kwa hivyo bahari iko hapa chini yetu," alimwambia Mwikali. "Inapita kwenye vile vitundu vya mawe. Tumeikalia."

"Hiyo ni hatari, mama," alisema Mwikali, akitazama sakafu.

"Lakini kama bahari iko hapa tangu zamani, mbona mwezi wa saba yalikuwa matamu?"

Jambo la pili aliliona siku stima zilipopotea. Pampu ilinyamaza kutwa na kucha, na kesho yake alipotumbukiza ndoo kwa kamba, polepole, akaigusisha juu juu tu, maji hayakuwa mabaya. Hayakuwa matamu, lakini yalinyweka. Stima zikarudi, pampu ikavuta, chumvi ile ile. Alikaa na hilo siku nzima. Kisima kimoja, maji ya ladha mbili, na mkono uliochota ni wake mwenyewe.

Jawabu lilikuwa jikoni, ndani ya bakuli. Alikuwa amechuja tui akaliacha, akaenda kujibizana na muuza mkaa, na aliporudi tui lilikuwa limejitenga. Unono wote wa nazi umepanda juu, mzuri, mweupe, na chini limebaki jimaji la kusikitisha. Akachukua upawa. Ukichota juu kwa utulivu unapata tui. Ukizamisha upawa mpaka chini unapata jimaji. Na ukichota kwa pupa unavuruga vyote viwili, na samaki wako ameharibika. Jambo hilo amelijua tangu utotoni, kila mwanamke wa pwani analijua. Alisimama na upawa hewani mpaka tui likamdondokea mguuni.

"Mwikali! Niletee kamba na chupa!"

Walifunga jiwe kwenye chupa tupu, wakaiziba kwa kizibo chenye uzi wake peke yake, na Mwikali akaishusha mpaka ikagota chini. Mwanasaumu akavuta uzi, kizibo kikatoka, mapovu yakapanda. Wakaivuta, akaonja, akatema. Ilikuwa bahari, bahari kabisa, ilikosa papa tu. Kisha wakachota ya juu kwa kikombe kilichofungwa kamba. Akaonja, akampa Mwikali naye aonje.

"Hii ni poa," alisema Mwikali kwa mshangao. "Hii na ile zimetoka shimo moja?"

"Maji ya mvua ni mepesi, yameelea," Mwanasaumu alisema. "Mvua inanyesha, inapenya kwenye mawe, inakaa juu ya bahari kama tui. Tabaka jembamba tu. Na mimi nikachimba nikalitoboa! Nikatia na pampu! Mama aliniachia tui nikalikoroga."

Aliomba kwa siri kwamba iwe amekosea, maana kurekebisha kulihitaji uso mkavu. Kwanza alimwita Mwarandu, akamwambia ajaze kisima kwa mawe na mchanga mpaka pale kilipoishia mara ya kwanza. Mwarandu alicheka mpaka akakaa. Maisha yake yote alikuwa akilipwa kwenda chini; kulipwa kurudi juu hakujaonekana. Lakini alipoonja maji ya chupa na ya kikombe aliomba arudie kuonja, kisha akaanza kukumbuka kwa sauti visima vya watu alivyovizidisha kina. Alijaza bila ya kutania tena. Pili ilikuwa Waleed.

"Pampu yangu ina kosa gani, dadangu?" aliuliza kutoka Maskati, na ilisikika kwamba ameumia. "Mimi nataka fungu langu kwa mama, kama wewe."

"Fungu lako lipo. Lakini tukivuta kwa nguvu twaivuta bahari ije juu. Kisima hiki chataka ndoo na kamba."

"Watu wataona tumerudi nyuma."

"Waone."

Mwishowe Waleed alisema basi kamba ainunue yeye, iwe nzuri.

Kaskazi ikaisha. Masika yakaingia na ngurumo zake, vichochoro vya Timbwani vikawa mito, na Mwanasaumu, ambaye watu wote walimwona akisimama uani kwenye mvua kama mwendawazimu, alikuwa akilihesabia kila tone njia ya kwenda chini. Mvua zilipopungua alionja. Matamu. Akabandika mbaazi kama kipimo cha haki, nazo zikaiva zikapasuka zenyewe. Alizila peke yake sahani nzima, analia, anakula.

Ilibaki kufungua mlango, na hapo ndipo alipokutana na tatizo ambalo hakulitarajia. Wosia ulisema kisiwe na hesabu. Akafungua bila ya hesabu. Kwa ndoo na kamba tu, alidhani, watu watachoka wenyewe. Watu hawachoki! Kabla ya Ijumaa ulimi wake ulikuwa umeshika chumvi kidogo. Akafunga, akakipumzisha, akafungua tena kwa ndoo tano kila nyumba. Chumvi ikarudi. Akajaribu nne. Akajaribu tatu, na tatu ilikaribia kufaa, lakini siku za bamvua ilimsaliti. Akapunguza tena, akangoja bamvua lipite, na maji yakabaki matamu mwanzo mpaka mwisho.

Ilikuwa ndoo mbili kwa kila nyumba.

Alikuwa amekaa kwenye ukingo wa kisima alipolitambua. Asubuhi iliyofuata alisimama mlangoni na kuwaambia majirani. Wengi walikubali, wengine walikunja uso. Mmoja, mfua nguo mwenye mtoto mgongoni, alijitwika ndoo moja, akashika ya pili, na alipokuwa akitoka alisema, si kwa sauti kubwa, lakini si kwa sauti ndogo pia:

"Ndoo mbili tu. Maji yenyewe ni ya Mungu."

Mwanasaumu alifunga mlango, akavaa buibui lake, akapita vichochoro vitatu mpaka kwenye ule ukuta wa mawe.

Bi Zubeda alikuwa kitandani ukumbini, mzee sasa, mifupa mitupu na macho makali. Uani kwake palisikika pampu. Wajukuu walikuwa wamejenga vyumba vya kupangisha na kutia mashine kwenye kile kisima cha zamani, nacho kimekuwa cha kupigia deki.

"Shikamoo, Bi Zubeda."

"Marahaba. Nani huyu? Binti wa Mwanamkasi? Umekuya kunitukana na wewe?"

"La, bibi. Nimekuja kuuliza." Aliketi kwenye jamvi. "Zile ndoo mbili. Mlijua kwamba zikizidi maji yatatoka chumvi?"

Bi Zubeda alifikiri. "Siyui mimi mambo ya chumvi. Niliolewa nikayakuta. Mama mkwe alinambia ndoo mbili, mwenye kulia alie, naye aliambiwa na wakwe zake. Nilikuwa mtoto wa watu, mgeni, nikasimama mlangoni nikafanya nilivyoambiwa." Alitazama upande wa uani, kulikokuwa na mngurumo. "Hawa wajukuu waliniuliza sababu. Sikuwa nayo. Wakatia mashini yao."

"Sababu ninayo mimi," alisema Mwanasaumu. Akamweleza yote, bahari chini ya nyumba, na mvua iliyoelea, na bakuli la tui. Bi Zubeda alisikiliza bila ya kupepesa. Mwisho Mwanasaumu alishuka kutoka kwenye jamvi, akapiga magoti, akaushika ule mkono uliokauka.

"Mama alikuvisha jina lisilo lako. Amekufa nalo ulimini. Nakuomba umsamehe."

Uani pampu ilinguruma, ikazimika.

"Alinisema kwenye arusi ya mwanangu," alisema Bi Zubeda polepole. "Alinisema kwenye matanga ya mume wangu, mimi niko eda ndani, nasikia. Nilikuwa nikilia, wajua? Halafu asubuhi nasimama tena mlangoni." Machozi yalimtoka, akayafuta kwa pembe ya kanga. "Nimemsamehe. Mungu amsamehe, naye anisamehee mimi niliyoyasema kumjibu, maana sikuwa bubu."

Mwanasaumu alilia kama siku aliyomzika mamake. Tangu aanze kuhangaika na kisima kile, hii ndiyo mara ya kwanza aliyohisi kwamba kuna kitu kimefika kule.

Alipoinuka kwenda, Bi Zubeda alimwita.

"Hicho kisima chako. Watu wasema ni kitamu."

"Kitamu, alhamdulillahi."

"Mimi hapa nanunua ya mkokoteni, yanuka mpira. Nyumba yangu kubwa, waiona, na wajukuu, na wageni. Ndoo ngapi wanipa?"

Moyo wa Mwanasaumu ulitaka kusema kumi. Ulitaka kusema pipa zima.

"Mbili, bibi," alisema.

Bi Zubeda alimtazama kwa muda mrefu, kisha akaanza kucheka, kicheko cha kizee kisicho na meno, mpaka kikamtia kikohozi na wajukuu wakaja mbio.

Kesho yake, mbaazi zikiwa motoni, Mwanasaumu alichota mwenyewe, polepole, juu juu. Akajitwika ndoo moja kichwani na nyingine akaishika mkononi, akaingia ile njia ya vichochoro vitatu ambayo mamake aliipita miaka yote na mzigo ule ule. Mfua nguo wa jana alimwona akipita, akamwuliza kwa mshangao anapeleka wapi maji asubuhi yote hii.

"Kwa Bi Zubeda," alimjibu. "Njoo baadaye nikwambie kwa nini."